Kiondo cha Msomaji

Huku kwetu Migwani ukiuliza kwa Mwalimu Ndinda ni wapi, mtu wa kwanza utakayemkuta njiani atakuonyesha. Lakini Ndinda hajawahi kuwa mwalimu hata siku moja. Alikuwa mpishi wa shule. Miaka ishirini na miwili aliwapikia watoto wa watu githeri, yale mahindi na maharagwe ya kuchemsha, na kwa kuwa maharagwe ya huku ni magumu na yanataka saa tatu motoni, akawa anakaa kando ya sufuria akisoma vitabu vya hadithi vilivyotupwa na maktaba kwa kukosa majalada. Alipostaafu wenzake walipewa blanketi, yeye akaomba vitabu. Walimpa magunia mawili, na nadhani walifurahi kuondolewa takataka.

Mimi naitwa Kathini, au Mama Kyule, jirani yake. Tumetenganishwa na ua wa minyaa tu. Nayasema haya kwa sababu yalipitia mkononi mwangu, na kwa sababu watu wameshaanza kuyasimulia vibaya. Mtu akiharibu hadithi mbele yangu, naumwa tumbo. Utaona ni kwa nini.

Ndinda ana daftari lenye jalada gumu. Humo ameorodhesha vitabu ambavyo yeye anaona vinafaa kusomwa, vya zamani vya enzi za wazazi wetu hadi vya juzi ambavyo wajukuu wa watu humletea kutoka Nairobi. Haandiki maneno mengi. Kando ya kile cha zamani cha ndugu wawili waliogawana kisima ameandika: "Kurasa thelathini za kwanza ni kupanda kilima na mtungi kichwani. Vumilia." Kando ya kile kipya cha mwanamke anayeendesha lori barabara ya Mombasa: "Usikianze kama una chungu jikoni." Kuna kimoja ameandika tu: "Mwisho mchungu. Kisome ukiwa na mtu nyumbani." Watu wanakwenda kwake kama wanaokwenda kutafuta dawa. Anakuuliza kama unalala, unagombana na nani, umefiwa lini, halafu anakupa kitabu. Pasta wetu mwenyewe, aliyehubiri Januari kwamba riwaya ni uongo uliopigwa chapa, alikuja Februari kuomba kitu cha kusoma kwenye foleni ya hospitali. Akapewa cha mwizi aliyefanywa chifu, na hajakirudisha hadi leo.

Sasa, sisi tuna mwethya wetu, wanawake kumi na wanne wa kusaidiana. Jumatatu tunachimba matuta ya kuzuia maji shambani kwa mmoja wetu. Alhamisi saa nane mchana tunakaa kwenye baraza la kinu cha posho kilichokufa, tunasuka viondo, vile vikapu vya mkonge, na Ndinda anatusomea. Anasoma Kiswahili cha kitabuni, na penye ugumu anatuvunjia kwa Kikamba. Kwa vile mikono yake imeshika kitabu, hawezi kusuka. Ndiyo maana tuna desturi yetu: kiondo chake kinazunguka. Kila mmoja anasuka mzunguko mmoja, anampa jirani. Kitabu kikianza, tunaanza kitako. Kitabu kikiisha, tunafunga mdomo, na mzunguko wa mwisho anapewa yule ambaye hadithi imemshika kuliko wote. Huo ndio mshahara wa msomaji. Ndinda alikuwa na viondo tisa nyumbani kwake, na hajauza hata kimoja.

Kitabu cha kumi ndicho kilicholeta maneno. Sisi vitabu tunaviita kwa watu waliomo, na hiki tulikiita cha Mama Zena. Ni kipya, wala si kinene. Zena ameenda Uarabuni kufanya kazi za nyumba, na kila Jumapili anampigia mama yake simu. Halafu Jumapili moja hapigi. Kuanzia hapo ni mama huyo na kusubiri kwake, hadi mwisho.

Na katikati yetu, mgongo ukiegemea nguzo, alikuwa ameketi Nduku. Binti yake Nzisa alikwenda Uarabuni mwaka juzi. Alikuwa hajapiga simu tangu Krismasi.

Najua utauliza Ndinda alikuwa na akili gani kuchagua kitabu kama hicho. Hakuchagua yeye. Nduku alisikia kinahusu nini, akasema, "Tusomee hicho, Mwalimu. Nataka kujua mwenzangu alifanyaje." Ungemkatalia? Tulikisoma wiki saba. Nduku alikuwa akifika wa kwanza na kuondoka wa mwisho, na siku nyingine alisahau hata kusokota uzi, mkonge unalala pajani na macho yako kwa Ndinda.

Siku ya mwisho ilikuwa mwezi wa tatu. Ndinda alifungua sura ya mwisho, akaipitia kwa macho hadi chini. Halafu akasoma kwamba Mama Zena alichoka kuzunguka kwenye maofisi, akaacha yote, akatulia nyumbani kwake akamwachia Mungu. Na Jumapili moja asubuhi akaona mtu anapanda njia na begi la buluu begani. Akawa ni Zena. Tulilia wote. Hata mwenyekiti wetu, Mama Kitonga, aliyemzika mumewe bila kutoa chozi, alijipangusa na kitambaa cha kichwa. Nduku ndiye aliyepewa mzunguko wa mwisho. Alifunga mdomo wa kile kiondo kwa uzi mwekundu, akakipeleka mwenyewe magotini pa Ndinda.

"Sasa nimejua," alisema.

Mimi ni mtu wa kupenda mwisho mzuri. Sioni aibu kusema hivyo. Nilikiomba kile kitabu niurudie ule mwisho peke yangu, na Ndinda akasema amekipotezea mahali. Ndinda kupoteza kitabu? Wacha. Jumapili baada ya kanisa nilipita kwake kurudisha chungio, yeye akiwa kisimani, nikakiona juu ya kabati nikakichukua. Huo ni udaku na naukubali.

Nilifika ukurasa wa mwisho nikarudi nyuma, nikidhani nimeruka karatasi. Hapakuwa na begi la buluu. Palikuwa na watu wanne wanashusha sanduku kutoka kwenye gari. Mama Zena anawaambia wafungue aone kama ni mtoto wake, nao wanasema karatasi za serikali zimekataza. Kuna kifurushi kidogo cha nguo. Katika mfuko wa gauni amekuta kipande cha karatasi kwa mkono wa Zena: "Mama, kila siku nasikiliza mlango. Nadhani labda umemtuma mtu." Basi. Hapo ndipo kitabu kinaisha. Na kurasa za kabla ya hapo, za sura ile ile, zimejaa watu wakimwambia mama huyo asubiri, asisumbue wakubwa, subira huvuta heri, naye anawasikiliza wote.

Nilichukua daftari la Ndinda. Kando ya kitabu cha Mama Zena alikuwa ameandika: "Mwisho mzuri."

Nilimngojea pale pale mlangoni. Aliponiona na kile kitabu aliweka mtungi chini, akakaa juu ya jiwe la kufulia.

"Ulitudanganya," nilimwambia.

"Nilimdanganya mmoja. Nyinyi mlikuwa tu hapo."

"Kuna tofauti?"

"Kathini, Nduku alikuwa amekaa mbele yangu na mdomo wazi. Ungesoma wewe? Ungemsomea sanduku?"

Nilikuwa na hasira ya kweli. Nilimwambia yeye ni mpishi na amefanya mambo ya upishi, amemwaga chumvi akatia sukari. Alikuwa anaangalia mikono yake. Na mimi, nikiwa na mdomo wangu huu unaojulikana hadi Mwingi, nilikwenda nyumbani nikanyamaza. Nilijiambia ni hadithi tu, hakuna aliyeumia, na Nduku sasa analala. Alikuwa amenenepa kidogo hata. Kumbe mficha maradhi, kilio humuumbua.

Wiki ya tatu, siku ya Jumanne, Nduku alikuja kwangu kuomba moto. Akakaa kwenye kigoda akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba alipigiwa simu na afisa mmoja huko Kitui. Kuna wasichana wetu wamekusanywa mahali kule Uarabuni, waliotoroka waajiri, na wengi hawana karatasi, pasi zao za kusafiria zilibaki kwa matajiri. Kila mzazi anayemtafuta binti alete nakala ya pasi, mkataba na picha. Orodha ya majina inafungwa Ijumaa saa sita mchana, inapelekwa. Atakayekosa kwenye orodha hiyo, hakuna anayejua orodha nyingine ni lini.

"Utaenda kesho?" nikamwuliza.

"Siendi."

Nilidhani sikusikia vizuri. Akanieleza. Ajenti aliyempeleka Nzisa alimwambia zamani kwamba mzazi akianza kusumbua maofisi, mtoto ndiye anayeteswa kule. Hapo mwanzo hakumwamini. Alishakwenda Kitui mara sita, Nairobi mara mbili, miguu ikavimba. "Lakini Mama Zena naye alihangaika hivyo hivyo, Mama Kyule, na siku alipotulia, mtoto akaja. Mungu alitaka nisikie hicho kitabu. Mimi nimetulia."

Nilimwambia, Nduku, ngoja ngoja huumiza matumbo, chukua karatasi zako kesho alfajiri uende, mimi nitakusindikiza. Nikamwambia hadithi ni hadithi. Nikamwambia hata ule mwisho, pengine haukuwa hivyo. Akanitazama kwa upole, na ule upole ndio uliniumiza.

"Mwalimu ndiye aliyesoma. Wewe ulikuwa unasuka." Akachukua kaa lake la moto kwenye kipande cha bati akaondoka.

Nilivuka ua wa minyaa, utomvu ukanimwagikia mkononi na sikujali. Ndinda alinisikiliza amesimama. Nilipofika kwa neno "nimetulia" alishika mwimo wa mlango. Hatukupoteza wakati, tukashuka wote wawili hadi kwa Nduku, tukakuta kufuli. Jirani akatuambia amechukuliwa ghafla na dada yake sasa hivi, amekwenda Mukuyuni kwa maombi ya kanisa la huko, na kwamba kwenye maombi hayo simu zinazimwa. Atarudi Alhamisi mchana, moja kwa moja hadi barazani.

"Na asiporudi?" nikasema.

"Atarudi. Tunaanza kitabu kipya." Ndinda alikuwa bado ameshika lile kufuli. "Kathini, Nzisa nimempakulia chakula tangu akiwa darasa la kwanza. Alikuwa anaomba ukoko wa chini."

Jumatano nilipiga ile simu mara thelathini. Imezimwa. Nilimwambia Ndinda twende kwa chifu, twende kwa pasta, mtu mwingine amwambie Nduku, amshurutishe. Akakataa. Alisema Nduku ameshaambiwa na watu wengi, na ndio maana hawasikii tena. Kilichomweka nyumbani ni kitabu, na ni kitabu tu kitakachomtoa. "Nililisema neno mbele ya watu kumi na watatu, nikiwa na kitabu mkononi. Nitalirudisha mbele ya hao hao, nikiwa na kitabu mkononi. Wakitaka kunifukuza wanifukuze." Alijaribu kusema hivyo kijasiri. Lakini mimi nilijua kile kiti chake barazani ni nini kwake. Hana mume, watoto wake wawili wako Mombasa na hawapigi simu isipokuwa wakiwa na shida. Siku sita za wiki ni mpishi mzee aliyestaafu. Alhamisi ndiyo siku anayoitwa Mwalimu.

Alhamisi saa nane tulikuwa wote isipokuwa Nduku. Saa nane na nusu hayupo. Mama Kitonga akasema tuanze, mkonge unakauka. Ndinda akasema tungoje. Saa tisa kamili Mama Kitonga akauliza kama siku hizi Nduku ndiye mwenyekiti. Mimi nilikuwa nimesuka safu moja mara tatu na kuifumua mara tatu. Ndipo tukamwona anatokea upande wa soko, kanga ya kanisa mabegani, anatembea polepole kama mtu asiye na haraka duniani. Akatusalimia mmoja mmoja, akakaa kwenye nguzo yake.

Ndinda alisimama. Alikuwa amekuja na kile kiondo cha kumi, chenye mdomo mwekundu. Akakiweka chini katikati yetu, akatoa ndani yake kitabu cha Mama Zena.

"Kiondo hiki si changu," alisema. "Mlinilipa kazi ambayo sikuifanya. Sura ya mwisho sikuisoma. Niliitunga. Leo naisoma."

Mtu mmoja alicheka, akidhani ni utani. Ndinda akaanza kusoma. Hakuvunja chochote kwa Kikamba wala hakupandisha sauti. Alisoma watu wanne na sanduku. Alisoma karatasi za serikali. Nilikuwa namwangalia Nduku, na sikuona chochote usoni mwake, na hapo ndipo niliogopa zaidi, nikawaza tumemwua kwa njia nyingine. Ndinda akasoma kifurushi cha nguo, akasoma kile kipande cha karatasi, akafunga kitabu.

Kwenye soko mtu alikuwa anapigilia misumari kwenye bati.

"Soma tena hapo," Nduku akasema.

"Wapi?"

"Pa mlango."

Ndinda akafungua tena. "Mama, kila siku nasikiliza mlango. Nadhani labda umemtuma mtu."

Nduku alipumua mara mbili tatu. "Ulijua hivi, siku ile?"

"Nilijua."

"Na ukaniacha nikae."

"Nilitaka ulale, mama. Ulikuwa hulali."

"Nililala, Mwalimu," Nduku akasema. "Wiki tatu nimelala vizuri sana."

Mama Kitonga akauliza nani mwingine alikuwa anajua. Ndinda akasema hakuna. Alikuwa ameniokoa, na mimi ningeweza kukaa kimya, na nakuambia ukweli nilikaa kimya kwa muda wa kutosha kuona aibu yangu yote. Kisha nikasema, "Mimi. Tangu Jumapili iliyofuata." Wanawake wakanigeukia. Mwenzangu wa kushoto akasogeza mkeka wake kidogo, si sana, kiasi cha kiganja.

Nduku akainuka. Nilidhani anakwenda. Badala yake alikiendea kile kiondo, akakipakata, akatafuta kichwa cha ule uzi mwekundu kwa ukucha. Akaanza kufumua. Hakukimbiza. Alifumua mzunguko wake wote, akaukunja ule uzi ukiwa na mikunjo yake, akautia mfukoni. Kiondo kisicho na mdomo akamwachia Mama Kitonga.

"Karatasi za Nzisa ziko ndani ya Biblia," alisema. "Nani anakwenda na mimi kesho?"

Tulikwenda watatu, yeye, mimi na Mama Kitonga. Ndinda hakuomba kuja. Ijumaa saa mbili asubuhi tulikuwa mlangoni pa ile ofisi ya Kitui, na foleni ilishafika barabarani. Saa nne tulikuwa ndani ya lango. Saa tano wakagundua sahihi haionekani kwenye nakala ya mkataba, tukatumwa madukani kutoa nakala nyingine, na umeme ukapotea duka la kwanza, tukakimbilia la pili, Mama Kitonga na goti lake bovu akikimbia mbele. Ilipofika saa sita kasoro dakika kumi kijana wa mezani aliandika: Nzisa Nduku Nyamai. Baada yake waliandikwa wengine wawili tu, wakafunga kitabu. Nduku aliniomba nimsomee jina lilivyoandikwa. Nilimsomea, akaniomba nisome tena, kisha akamwita kijana mwingine kabisa aliyekuwa akipita, naye asome. Sikumlaumu.

Tukarudi kungoja, na safari hii tulingoja kwa kusumbua. Kila Jumatatu Nduku alipiga simu kwenye ile ofisi hadi wakaijua sauti yake. Alhamisi tulisuka kimya. Mwethya uliamua Ndinda asisome, na Ndinda alikubali. Akawa anakuja, anakaa mwisho wa baraza, anasuka kama sisi, na vibaya, kwa kuwa miaka yote hiyo mikono yake haikuzoea. Mimi nilijaribu kusoma siku moja. Mama Kitonga akasema nasoma kama mtu anayehesabu mbuzi wa jirani, akanipokonya kitabu. Kile kiondo kisicho na mdomo kilitundikwa kwenye msumari pale ukutani, na kila mtu aliona.

Watu wa nje waliendelea kwenda kwa Ndinda kuuliza wasome nini. Aliwaambia hana la kuwaambia. Nilimkuta siku moja na daftari lake, amekata maneno "Mwisho mzuri" kwa mstari mmoja, na hajaandika kitu kingine.

Wiki ya saba Nduku alipigiwa simu akiwa shambani kwangu, jembe mkononi. Alisikiliza. Akakaa chini kwenye tuta. Nikamnyang'anya simu nikijua ni msiba, nikasikia sauti ya msichana inauliza, "Mama? Uko? Mama, wamesoma jina langu." Nilimrudishia simu nikaenda kulia nyuma ya mbaazi.

Nzisa alifika mwezi wa saba. Amekonda, mkono wa kulia una alama ya kuchomwa na pasi ya nguo kutoka kiwiko hadi kifundo, na akisikia mlango ukigongwa anasimama. Hakutoka nyumbani mwezi mzima. Halafu Alhamisi moja tukamwona anakuja barazani na mama yake. Tukamsogezea mkeka. Alikaa muda mrefu akitazama mikono ya watu, mwisho akauliza ni yupi Mwalimu aliyesoma kile kitabu, ingawa yeye anamjua Ndinda tangu utoto. Nadhani alitaka ajitokeze mwenyewe.

"Ni mimi," Ndinda akasema kutoka mwisho wa baraza.

"Mama aliniambia kina miisho miwili."

"Kina mmoja. Ule mwingine ulikuwa wangu. Begi la buluu." Ndinda alimtazama mama yake Nzisa, kisha akamtazama yeye. "Ukitaka nitakusimulia huo wa begi. Wewe umeufikia."

Nzisa akatikisa kichwa. Akasema chumba walichofungiwa walikuwa wawili, yeye na msichana aliyetoka Kiboko, anaitwa Wamucii. Huyo ndiye aliyekuwa na tabia ya kulala ameweka sikio kwenye mlango. Nzisa alitoroka kwanza, wakakubaliana mwenzake atafuata. Wamucii alirudi kwao mwezi wa sita, kwenye sanduku, na wazazi wake waliambiwa wasifungue. "Hakuna mtu aliyemsomea kitu chochote," Nzisa akasema. "Nisomee mwisho wake."

Mama Kitonga hakuuliza mwethya. Alimsukumia Ndinda kitabu.

Nilihama nikakaa nyuma ya bega lake. Ndiyo, nilikwenda kuchunguza, na ninamwambia hivyo hata leo. Nilitaka kuona kwa macho yangu. Alifungua sura ya mwisho, na mbele yake alikuwa amekaa msichana na mkono ulioungua, amefungua mdomo kama mama yake siku ile, na mimi nikaona kidole cha Ndinda kinasita juu ya mstari wa kwanza. Najua alichokuwa anakiona. Neno moja tu la kulainisha, hakuna ambaye angemlaumu.

Alisoma kila neno. Nilimfuata kwa jicho hadi nukta ya mwisho na hakuruka hata moja.

Tulipoinua vichwa, msumari wa ukutani ulikuwa mtupu. Nduku alikuwa na kile kiondo magotini. Alikuwa ametoa ule uzi mwekundu mfukoni, na mikunjo yake ya zamani, na alikuwa ameshafika nusu ya mzunguko.